Chanjo za safari si za Wazungu pekee

Siku hizi hapa Changamwe nakutana na vijana wengi walioingiwa na hamu ya kutembea nchi za watu. Sizungumzii wale wanaokwenda Arabuni kutafuta kazi; hao wana mambo yao yanayohitaji makala mbali. Nawazungumzia wanaoweka akiba miezi sita au mwaka mzima, wakajikusanya wawili watatu, wakatia nguo chache ndani ya shanta na kushika njia. Wengine hupitia Lungalunga hadi Tanga na Dar es Salaam, kisha wakapanda boti kwenda Unguja. Wengine hupanda treni Miritini hadi Nairobi, na kutoka hapo basi la Jinja, Kampala au hata Kigali. Wapo pia wanaoazimia kukwea Kilimanjaro. Ni jambo jema, nami sina nia ya kumvunja mtu moyo. Pesa za kijana zikiliwa na safari ni afadhali kuliko zikiliwa na kamari ya simu.

Langu ni moja tu. Vijana hawa huja kuniona wakisharudi. Ni wachache mno wanaokuja kabla ya kwenda.

Uwanja wa ndege wa Moi uko hapa hapa kwetu Changamwe. Mzungu wa rika lao anayeshuka pale na begi lake mgongoni aghalabu ameshaonana na daktari kwao wiki kadhaa kabla ya safari. Amedungwa sindano zake, ana dawa za kukinga malaria, ana chandarua kilichokunjwa kikawa kidogo kama ngumi, na ana karatasi ya bima. Kijana wetu wa Magongo au Mikindani anayepishana naye barabarani akielekea nchi za watu ana chaja ya simu na viatu vya akiba. Ukimwuliza kulikoni, jibu ni lile lile: "Daktari, mimi Mwafrika. Maradhi haya ni ya kwetu."

Kwa maoni yangu fikra hii ina hatari kuliko mbu wenyewe. Maradhi hayaangalii pasipoti wala rangi ya ngozi. Mwili hujifunza maradhi ya pale ulipokulia tu, tena kwa kiasi, na mengine haujifunzi kabisa.

Tutazame malaria. Mtu aliyekulia mahali penye malaria nyingi, akaumwa mara kwa mara utotoni, hujenga kinga ya kiasi fulani. Kinga hiyo haimzuii kuambukizwa, bali humpunguzia makali. Tena haidumu milele. Hufifia mtu akikaa muda mrefu bila kukutana na vimelea. Kijana aliyezaliwa Chaani au Port Reitz, akalelewa chini ya chandarua na kuugua malaria mara moja au mbili maishani mwake, hana kinga ya kutegemewa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta vimelea vya malaria katika asilimia 19 ya watoto waliopimwa maeneo ya Ziwa Victoria, na asilimia 5 huku pwani. Hapo bado hujatoka Kenya. Ukivuka Busia au Malaba unaingia Uganda, mojawapo ya nchi zenye malaria nyingi kabisa duniani. Mbele ya mbu wa Jinja, wewe na yule Mzungu mnakaribiana zaidi kuliko unavyodhani.

Nilimtibu kijana mmoja wa miaka 23 aliyetoka huko. Homa ilimwanza siku kumi baada ya kurudi. Akadhani ni uchovu wa basi, akanunua dawa za maumivu dukani. Aliletwa kwangu siku ya tano amebebwa, macho manjano, mkojo mweusi kama kahawa, akijibu maswali ambayo sikumwuliza. Tulimkimbiza hospitali kubwa na akalazwa siku tisa, mbili kati ya hizo mama yake akiambiwa aombe Mungu tu. Alipona. Alikuwa na misuli ya kubeba magunia bandarini, na misuli hiyo haikumfaa kitu.

Dawa za kukinga zipo. Doksisaiklini humezwa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kuondoka hadi wiki 4 baada ya kurudi. Bei yake si kubwa, ila huifanya ngozi iungue upesi juani na wajawazito hawapewi. Malarone pia humezwa kila siku lakini huachwa siku 7 baada ya kurudi, na bei yake ni ya kukunja uso. Meflokwini humezwa mara moja kwa wiki, nayo haimfai mtu aliyewahi kuugua kifafa au maradhi ya akili. Ipi inakufaa ni mazungumzo baina yako na daktari, na wala si ya kumaliza kwa simu. Ila nikuonye kuhusu jambo ninaloliona sana. Zile dawa za mseto kama Coartem ni za kutibu. Kumeza nusu dozi kabla ya safari "kujikinga" hakukukingi, na kunawafundisha vimelea ujanja. Ndivyo tulivyoipoteza klorokwini, iliyokuwa katika kila nyumba hapa pwani hadi Kenya ilipoacha kuitegemea mwaka 1998.

Sasa homa ya manjano. Wengi hudhani ni ugonjwa wa kwingine, kumbe Kenya yenyewe imo katika orodha ya nchi zenye hatari hiyo. Ulizuka Bonde la Kerio mwaka 1992 hadi 1993, ukazuka tena Isiolo mwaka 2022. Ndiyo maana Tanzania, Zanzibar ikiwamo, humtaka anayetoka kwetu awe na kadi ya chanjo, na Uganda nayo huidai kwa wageni. Chanjo ni sindano moja. Kadi huanza kutambulika siku 10 baada ya kudungwa, kwa hivyo kukimbilia sindano asubuhi ya safari ni bure. Zamani ilibidi kuirudia kila miaka 10, lakini tangu Julai 11, 2016 kanuni za kimataifa zinaitambua kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Kama una kadi ya zamani iliyopitwa na miaka kumi, usidanganywe kwamba imekufa.

Wazee wetu waliofanya kazi melini, na Changamwe haikupungukiwa na mabaharia, waliijua kadi hii vizuri. Waliihifadhi pamoja na vitabu vyao vya ubaharia, ndani ya mfuko mmoja, mahali ambapo mtoto hafiki. Wajukuu zao ndio wanaoinunua njiani.

Ndiyo, inanunuliwa. Vijana wameniambia waziwazi kwamba wameuziwa kadi iliyopigwa muhuri pasipo sindano, nao wanalisema hilo kama ujanja. Hebu tufikiri. Afisa wa mpakani utampita. Mbu je? Homa ya manjano haina dawa ya kuua virusi vyake. Daktari hukutegemeza tu hadi mwili ushinde au ushindwe. Miongoni mwa wanaofikia hatua ya pili ya ugonjwa, ile ya macho manjano na kutoka damu, karibu nusu hufa. Mtu mwenye kadi ya uongo ana hatari kuliko asiye nayo kabisa, kwa kuwa hospitali ya ugenini itakapoiona itaacha kuushuku ugonjwa huo na kutafuta mwingine. Nenda ofisi ya afya ya bandari au kituo kilichoidhinishwa, uliza kwanza kama dawa ipo, kisha udungwe. Wasiofaa kudungwa ovyo ni wajawazito, watoto wachanga, watu ambao kinga ya mwili imeshuka, na mtu anayedhuriwa vibaya na mayai. Hao waonane na daktari mapema.

Wala sitaki kuwatwika vijana lawama yote. Ni nani aliyemwambia abiria wa basi habari hizi? Mahujaji huambiwa, anayekwenda Hija au Umra anajua kwamba lazima adungwe chanjo ya uti wa mgongo siku 10 kabla ya kufika Saudi Arabia. Abiria wa basi huulizwa tiketi na pasipoti, basi. Naona kampuni za mabasi yanayovuka mipaka zingeweza kuchapisha mstari mmoja nyuma ya tiketi kuhusu chanjo na siku kumi zake. Na hospitali zetu za umma, kama ile ya Port Reitz, zitenge japo saa mbili kwa wiki kwa ajili ya wasafiri. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kumlaza mtu mmoja mwenye malaria iliyopanda kichwani.

Nije kwenye jambo linalowahusu hasa watoto wa pwani. Sisi tumejifunza kuogelea kwenye maji ya chumvi, katika hori ya Port Reitz na kule Mtongwe. Tukifika mbele ya maji yoyote mapana, shati huvuka lenyewe. Lakini ziwa si bahari. Maji matamu ya Ziwa Victoria, Tanganyika na Nyasa yana konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Vimelea hivyo havisubiri uyanywe maji; hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha, kwa muda wa dakika chache. Wenyeji wa Kwale wanaujua kichocho cha mkojo, na Unguja na Pemba nako kipo katika mito na madimbwi. Cha Ziwa Victoria ni cha matumbo. Baharini hakipo, na ndiyo sababu sisi hatuna mazoea ya kukiogopa.

Ubaya wake ni ukimya. Pengine utawashwa ngozi siku ile ile ukadhani ni siafu. Baada ya wiki kadhaa huja homa, kikohozi na vipele vya kuwasha, na kufikia hapo umeshasahau ile picha uliyopigwa ukiruka majini kule Jinja. Ukikaa bila tiba huenda ukaona damu katika choo au mkojo, na miaka ikipita ini au kibofu kikaharibika. Dawa yake, prazikwanteli, ni rahisi na inafanya kazi, lakini huua minyoo iliyokomaa. Ukiimeza siku unayotoka majini hujafanya kitu. Ngoja wiki 6 hadi 8, upimwe, umeze. Na kama imekulazimu kuoga ziwani, jua kwamba kujipangusa kwa taulo hakutoshi kukuokoa. Afadhali maji yaliyochotwa yakakaa siku mbili au yakachemshwa.

Kutoka ziwani twende mlimani. Kilele cha Kilimanjaro kiko mita 5,895 juu ya bahari. Changamwe iko hapo hapo ilipo bahari. Mwili uliozoea hewa nzito ya pwani unahitaji siku za kuizoea hewa nyepesi, na afya nzuri au mazoezi ya mpira hayabadilishi jambo hilo. Nimeona wacheza kandanda wakishindwa na mama wa makamo akafika. Ukipita mita 2,500 unaweza kuanza kuumwa kichwa, kutapika na kukosa usingizi. Hapo ni onyo. Ukiona mwenzako anayumba kama mlevi, anasema ovyo, au anahema akiwa amekaa, ubongo au mapafu yanajaa maji na tiba yake ya kwanza ni kumteremsha, usiku huo huo, hata kama kilele kinaonekana. Ukishapita mita 3,000 usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko ulivyolala jana yake. Kwa sababu hii safari ya siku tano inayouzwa kwa bei ya chini ni hasara. Tafuta ya siku saba. Ipo dawa, Diamox, inayousaidia mwili kuzoea, lakini mwulize daktari, hasa kama dawa za salfa zinakudhuru.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya wageni hulitaja kwa mstari mmoja, nasi linatuhusu zaidi. Pwani yetu ni miongoni mwa sehemu za Kenya zenye watu wengi waliorithi selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande mlima huo. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu huishi bila shida na pengine hajui kabisa, lakini kwenye hewa haba na upungufu wa maji bandama lake linaweza kudhurika. Kipimo ni cha damu, mara moja kwa maisha. Kabla ya kulipia mlima, lipia kipimo.

Kuhusu mizigo nitasema la miraa kwanza, maana najua naandikia watu gani. Kifuko cha miraa au mugukaa unachonunua Magongo mbele ya askari, ukikivusha Lungalunga kuingia Horohoro kimegeuka kuwa dawa ya kulevya. Watanzania wanaiita mirungi na sheria yao haina mzaha nayo. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014. Iache nyumbani, na ukague mifuko ya koti uliyoazima kwa rafiki. Vidonge navyo vina kesi yake. Mwaka 2017 mwanamke mmoja wa Uingereza alihukumiwa miaka mitatu jela nchini Misri kwa kuingia na vidonge 290 vya tramadoli, akisema alikuwa akimpelekea mwenzake mwenye maumivu ya mgongo. Tramadoli na kodeini zinabanwa vikali pia katika nchi za Ghuba. Dawa zako zikae katika paketi zake za asili, pamoja na barua ya daktari yenye jina lililo katika pasipoti. Ukiwa na kisukari, pumu, shinikizo la damu, au unatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, beba za kutosha safari nzima na wiki moja zaidi, tena ndani ya begi unalokaa nalo, usizipeleke buti la basi.

Barabara huua vijana wasafiri kuliko maradhi mengi niliyoyataja. Kenya, Uganda na Tanzania magari hupita kushoto. Ukiingia Rwanda, Burundi, Kongo au Ethiopia hupita kulia. Macho yako yamezoea miaka ishirini kutazama upande mmoja kabla ya kuvuka, na yatatazama upande huo huo Kigali asubuhi ya kwanza ungali na usingizi. Bodaboda bila kofia ya chuma usipande, hata kwa umbali wa kutoka stesheni hadi gesti.

Tumbo nalipitia upesi. Kula kilicho moto, maji ya chupa au ya kuchemsha, tunda ulilolimenya mwenyewe. Ukiharisha, shughulika na maji kwanza: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote viwe vya kusawazishwa, unywe kidogo kidogo. Kukiwa na damu au homa, tafuta hospitali. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende kudungwa chanjo siku hiyo hiyo, usingoje kuona kama mbwa atakufa. La faragha pia nilitaje: beba kondomu kutoka nyumbani, na kama mambo yameharibika, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanza ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Mapango ya popo, kama Kitum katika Mlima Elgon kulikohusishwa na wagonjwa wa Marburg mwaka 1980 na 1987, yaangalie kwa nje.

Kisha uulize kuna nini huko uendako. Mgonjwa wa kwanza wa mpox kugunduliwa Kenya, mwezi Julai 2024, aligunduliwa mpakani Taveta akiwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda. Miezi miwili baadaye Rwanda ilikuwa inapambana na Marburg. Mambo haya huja na kupita, na tangazo la Wizara ya Afya husomwa kwa dakika mbili.

Usisahau pesa za kuugua. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, haitakulipia kitanda Kampala kwa sababu ya mguu uliovunjika juu ya bodaboda. Zanzibar kwa upande wake ilianza kudai bima ya lazima kwa wageni kutoka Oktoba 1, 2024, hivyo uliza masharti yanayomhusu Mkenya kabla ya kukata tiketi ya boti. Ikiwa bima ya safari imekushinda, angalau weka fungu la pesa lisiloguswa, na mtu mmoja nyumbani ajue ulipolala.

Njoo umwone daktari wiki 6 kabla ya kuondoka. Ukichelewa, njoo hata zikibaki mbili. Na ukisharudi, homa yoyote ndani ya miezi mitatu ipimwe malaria siku hiyo hiyo, hata kama ulimeza dawa za kukinga. Usiingie kwa daktari ukasema "naumwa kichwa" ukanyamaza. Andika kwenye karatasi mahali ulipolala, tarehe zake, maji uliyoogelea, wanyama uliowagusa na sindano ulizodungwa, kisha mpe karatasi hiyo kabla hajakuuliza.